Makala Isiyoshikika na Saini ya Bwana Stoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo kumi na moja na onyo moja. Funguo zilikuwa za makabati ya majarida ya kitaaluma, yaani machapisho ambamo wasomi huwaandikia wasomi wenzao matokeo ya utafiti. Onyo lilitoka kwa Mkutubi Mkuu wa wakati ule, bwana mrefu aliyevaa kaunda suti wiki nzima, hata siku zile ambazo joto la Morogoro linamfanya mtu atamani kuvua ngozi.

"Binti," aliniambia, "jarida likipotea, mshahara wako ndio utakaolinunua. Na mshahara wako hautoshi."

Onyo hilo nililishika barabara. Aliyetaka kusoma jarida alitakiwa kuleta barua ya mkuu wa idara, kitambulisho, na sababu. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba sababu yake ni kutaka kujua. Nikamrudisha akatafute sababu ya maana. Nawaambieni haya nyinyi mnaoanza ukutubi leo ili msije mkadhani nilizaliwa mpole. Chuoni waliniita Mama Majarida, na hawakuniita hivyo kwa mapenzi.

Nilihamishwa mara kadhaa. Niliorodhesha vitabu, nikapelekwa kwenye tawi letu dogo njia ya Dumila, ambako wasomaji wakubwa walikuwa mchwa, kisha nikarudishwa chuoni chini ya Mkutubi Mkuu wa pili. Huyo alikuwa Mlokole mwenye huruma aliyesamehe faini zote nilizotoza. Aliyenibadilisha maisha ni Mkutubi Mkuu wa tatu, mama mdogo kwangu kwa umri, mwenye shahada nyingi na subira kuliko wote.

Aliniita ofisini, akanikaribisha kiti. "Mama, chuo kimeanzisha Mfuko wa Uchapishaji Huria. Tunataka wewe uusimamie."

Uchapishaji huria ni hivi. Zamani mwandishi alichapisha makala, halafu anayetaka kuisoma analipia. Vyuo tajiri vililipa, sisi tukabaki kusoma vichwa vya makala. Kwa utaratibu wa huria, mchapishaji analipwa mwanzoni, ada ya uchapishaji, na makala inawekwa mtandaoni kwa yeyote. Ni kama harusi: mwenye shughuli ndiye anayegharamia pilau, mgeni kazi yake kunawa mikono. Ila ada hiyo ni kubwa kwa mhadhiri, ndiyo maana chuo kikaweka mfuko wa kumlipia.

"Miaka yote nimefunga makabati," nikamwambia. "Leo nifungue?"

"Ndiyo maana tumekuchagua. Hakuna atakayethubutu kukuletea uongo."

Sifa au tusi, sikujua, nikashukuru hivyo hivyo.

Mwombaji wangu wa kwanza alikuwa Dakta Rehema, mhadhiri kijana wa mambo ya udongo. Aliingia na bahasha kifuani, akanipa shikamoo mbili kwa woga. Kwa misimu mitatu alikuwa akipima udongo unaobebwa na mvua kutoka mashamba ya milimani Uluguru. Aligundua kwamba shamba ambalo mkulima amelaza magugu kwenye mfereji na kuyafunika kwa tuta halipotezi udongo kama majirani zake. Jarida moja la ng'ambo lilikuwa limeikubali makala yake na kumpa siku thelathini za kulipa ada. Zikipita, makala itachapishwa ndani ya ukuta wa malipo, isomwe na anayelipia tu.

"Ikichapishwa huko si bado ni makala?" nikamuuliza. "Cheo utapanda tu."

"Cheo nitapata, Mama. Lakini nilimwahidi Bibi Paulina."

Bibi Paulina ndiye mwenye shamba. Ardhi hiyo aliipata kwa mama yake, kama ilivyo kwa Waluguru wengi. Kabla hajaruhusu mtu kuchimba hata shimo la panya, alimwekea Rehema sharti moja: mkimaliza, nisome mlichoandika. Wengine walishapita pale, wakachimba, wakapiga picha, wakaaga vizuri sana. Hakuna aliyerudi. Bibi alisema Rehema naye akipotea na majibu, asirudi tena mlimani kwa jina lolote.

Nilimtazama yule binti nikaona machozi yanamlenga. Nikaweka mhuri kwenye fomu yake siku ile ile, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu. Nikaongeza sharti langu: aandike na muhtasari wa Kiswahili, wa kurasa mbili, uwekwe mtandaoni pamoja na makala. Ahadi ya kusoma haitimizwi kwa lugha ambayo msomaji haisomi.

Basi nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza mkoko ulikuwa unaalika maua.

Ofisi ya ugavi ilitaka profoma tatu, yaani bei kutoka kwa wauzaji watatu, ili chuo kichague nafuu. Nikaeleza kwamba makala haipelekwi kwenye majarida matatu kwa mpigo, ni kosa kubwa la kitaaluma, kama kuposwa na wanaume watatu na kupokea barua zote. Wakaelewa baada ya siku tisa. Ofisi ya malipo nayo ikasema haitoi shilingi bila hati ya kupokelea mali. Hiyo ni karatasi ya kuthibitisha kwamba kilichonunuliwa kimefika chuoni, na mwenye mamlaka ya kuisaini alikuwa mmoja tu: mtunza stoo, tuliyemwita Bwana Stoo.

Bwana Stoo alikuja Morogoro ujanani kufanya kazi kiwandani. Viwanda vilipoyumba akaingia chuoni na leja yake kwapani. Alikuwa mwaminifu kuliko mzani. Alipokea chaki, rangi, matairi, na mara moja ng'ombe wa maonyesho, na hakuna kilichowahi kupotea mikononi mwake.

"Mimi nasaini nilichokiona na kukigusa," aliniambia.

"Hiki kitakuwa kwenye mtandao."

"Sawa. Kipimo chake ni nini? Nina kilo, lita, mita, boksi, jozi, na kila kimoja."

"Kila kimoja."

"Vizuri. Kiko wapi hicho kimoja?"

"Hakijatoka. Hakitoki huria mpaka kilipiwe."

"Na hakilipiwi mpaka nikipokee."

"Ndiyo hivyo."

Alifunga leja taratibu. "Basi, dada, hapo hakuna mwenye kosa. Tunywe chai."

Sikunywa. Nilitoka pale nikiwa nimefura, nikawagombeza watu wawili njiani ambao hawakuhusika. Siku zilibaki sita. Nikaenda kwa Mkutubi Mkuu, akaandika barua. Bwana Stoo akaisoma, akaisifia Kiswahili chake, akaiweka kwenye faili la barua. Rehema alikuwa akija kila asubuhi, anasimama mlangoni tu. Afadhali angenitukana.

Zilipobaki siku mbili nilirudi stoo na kiti changu mwenyewe. Nikamwambia Bwana Stoo sitoki bila saini. Akasema karibu. Stoo ile haikuwa na dirisha hata moja, tukakaa tukitazamana chini ya taa, tukisikiliza feni. Saa nne asubuhi taa ikazimika ghafla na feni ikanyamaza.

"Luku imeisha," Bwana Stoo akasema gizani. Akatoa simu, akanunua umeme, akapokea namba ndefu, akaibonyeza kwenye mita moja moja huku akiisoma kwa sauti. Taa ikawaka. Akaichukua leja, akaandika ile namba kwa wino mweusi, akasaini.

Nikasimama. "Huo umeme umeugusa?"

Akanitazama.

"Umeupima kwa lita? Uko boksi lipi?"

"Umeme una namba, dada."

"Na hii ina namba!"

Kweli ilikuwa nayo. Kila makala ikikubaliwa hupewa namba ya kudumu isiyofanana na nyingine yoyote duniani, na hata tovuti ikihama, namba inaipata makala huko huko ilikohamia. Nikamwonyesha ilipoandikwa kwenye barua ya jarida. Bwana Stoo akavaa miwani. Akaisoma mara tatu, akagusa kila tarakimu kwa ncha ya kalamu, na uso wake ukafunguka.

"Sasa, kwa nini hukuniambia mapema?" akasema. "Kitu kikiwa na namba, hicho ni kitu."

Akainakili yote kwa rula, akasaini, akapiga mhuri. Ada ililipwa siku ya mwisho, saa chache kabla ya mlango kufungwa. Makala ilipotoka, Bwana Stoo alinitaka niichape, niilete, aione. Akagonga mhuri kwenye kurasa zote kumi na sita, akaiweka rafu ya juu kati ya makopo ya rangi, akafunga kufuli mbili. Hivyo makala huria ya kwanza ya chuo chetu dunia nzima iliisoma bure, isipokuwa mtu aliyeitaka kutoka stoo yetu.

Tulipanda mlimani mimi na Rehema. Magoti yangu hayajanisamehe hadi leo. Bibi Paulina alitukaribisha kibarazani, akaomba ile namba ya makala, akafungua muhtasari kwenye simu yake mwenyewe na kuanza kusoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Rehema alikuwa akitabasamu kama mwali.

Bibi akaacha kusoma. "Nani kaandika hapa kwamba tunalaza magugu kwa mazoea, bila kujua sababu?"

Tabasamu la Rehema likakatika. "Ni mimi, Bibi."

"Uliniuliza sababu?"

"Sikukuuliza."

"Mama yangu alinieleza nikiwa mdogo kuliko wewe. Magugu yakioza chini yanakunywa maji, tuta linakaa. Usipoyalaza kabla ya mvua za vuli, umechelewa. Mama hakufanya kwa mazoea. Alifanya kwa akili."

Miaka yote niliogopa kwamba watu wakiachiwa majarida watachana kurasa. Haikunijia akilini kwamba wangekuta tumekosea. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile, nasema kweli, nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ikawa kumsaidia Rehema kuomba marekebisho. Jarida lilikubali bila ada. Bwana Stoo ndiye aliyekataa: alisema mali iliyobadilishwa haipokelewi mpaka ile mbovu irudishwe ilikotoka. Nilimwachia mrithi wangu suala hilo, na nasikia bado wanaandikiana barua.

Mkiniuliza kustaafu kumenifundisha nini, sina mengi. Pigeni mihuri, fuateni taratibu, muwaheshimu watu wa stoo, maana hawaibi. Lakini mkishalipa ili mlango ufunguliwe, msikasirike anapoingia mtu na kuwaambia nyumba yenu ina ufa.

Marekebisho yalitoka nikiwa nimeshamaliza mwezi nyumbani. Nikampigia Bibi Paulina, nikamsomea: kwamba utaalamu wa kulaza magugu, pamoja na sababu zake, ulielezwa na marehemu Emiliana, mkulima wa Uluguru, kwa binti yake mwenye shamba.

Nikasikia viti vinaburutwa kibarazani.

"Rudia," akasema. "Na upaze sauti, mama. Nimewaita majirani."

Nikasimama katikati ya sebule yangu, mkutubi mstaafu, nikasoma kwa kupiga kelele.