Kijiko cha Tatu

Mama wa chapati hapa mtaani Rhonda hukanda unga kwa mikono ambayo ngozi yake imebaki kubwa, kama koti la kuazima. Mwaka jana alikatwa tumbo ili apungue mwili, na kweli amepungua, hata matusi yake yamepungua. Asubuhi anakunywa vijiko vitatu vya uji, kisha anaongeza sauti ya redio ya injili na kwenda kuvitapika nyuma ya kibanda ili tusisikie. Tunasikia. Akirudi anarekebisha kitambaa kinachoficha nywele zinazong'oka, halafu ananiuliza, "Nikuongezee maharagwe, boss?" Juzi alininong'oneza kwamba njia ya chakula imejibana, daktari anataka kumpasua tena. "Nimekataa. Tumbo si shati, lishonwe kila mwezi."

Jana mchungaji alimletea kina mama watano wa kanisa, wote wenye miili ya kutosha. "Simama, dada, waone Mungu alivyotenda!" Akasimama, wakampigia makofi. Mmoja akamshika kiuno. "Lakini inauma?"

Alifungua mdomo, nikadhani sasa atasema.

"Haiumi," akasema. "Ni kuamini tu."

Wakaomba namba ya daktari. Alikuwa ameshika simu akiitafuta, miguu ikakataa, akaanguka chali juu ya gunia la unga. Niliinuka nimshike. Kina mama walikuwa wameshaanza kunena kwa lugha, na mchungaji akanizuia kwa mkono.

"Mwacheni. Huyo ni Roho."

Tukamwacha.