Fulana ya Risasi Mbele ya Sinia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujaribu fulana ya kuzuia risasi nikiwa nimesimama. Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani mkeka wa watu unimeze mzima.

Nilikuwa nauza duka la kituo cha mafuta pale Gulfton, Houston, zamu ya jioni, na mwenzangu aliposhikiwa bastola, mimi ambaye hata kikombe cha chai sinunui bila kukifanyia utafiti nikahamia kwenye intaneti, nikasoma mpaka nikawa profesa (cheo nilijipa mwenyewe), na ile fulana laini, nyepesi, inayomtosha kabisa mtu wa dukani, nikaidharau, nikachukua yenye mabamba ya chuma mbele na nyuma, maana huwezi jua, labda jeshi zima litakuja kuiba sigara.

Ikafika siku ya kumposa Rukia, binti niliyempenda. Kwa mila yetu ningebaki nyumbani wazee wakaniposee, ila huku mzee wangu ni Ami Athmani peke yake, basi tukapanda gari wawili hadi Euless, mji wa kwao Rukia, mwendo wa saa nne hivi. Fulana niliivaa ndani ya kanzu kwa ajili ya barabara, nikasema tukifika naivua. Lakini tulipofika nikajitazama kwenye kioo cha gari na, mashallah, nina kifua! Nikaiacha.

Baba yake Rukia alinikumbatia, akanipiga mgongoni, pa! Akatazama kiganja chake.

"Kijana amekakamaa huyu," akasema, nami nikapokea sifa bila haya.

Tukakaribishwa mkekani. Ndugu zangu, chuma hakikunjiki. Nilipokaa, bamba lilipanda hadi kooni, nikawa naitikia salamu kwa sauti ya mbuzi anayechinjwa, na sinia la biriani liko mbele yangu lakini mkono haulifikii.

Ami akaninong'oneza, "Kula, bwana, wasione umesusa."

Nikainama kwa nguvu zote, nikaenda mzima mzima, kifua ndani ya sinia.

Waliponivua kanzu iliyolowa mchuzi, fulana ikaonekana, mabamba na yote.

"Mwanangu," baba yake Rukia akauliza taratibu, "umekuja kuoa au kupigana?"

"Naogopa tu, baba." (Utafiti wote ule, na jibu nililobaki nalo ni hilo.)

"Nami nimpe binti yangu mtu anayeingia kwangu kama anaingia vitani?"

Ami alishaanza kutafuta viatu vyake, ndipo Rukia akasema kutoka jikoni, "Baba, huyu angalau anajikinga. Hao wanao hata mkanda wa gari hawafungi!"

Kaka zake wakatazama dari. Mzee akauma mdomo, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Rudini wiki ijayo," akasema, "na hilo lichuma libaki Houston."

Tulirudi, wakatukubali. Siku hizi ninayo ile laini, naivaa kazini tu, na kabla ya kuilipia niliketi sakafuni pale dukani, muuzaji akinishangaa, nikainama kama mtu anayefuata tonge.