Uso wa Bibi Kalunde

Nakumbuka siku moja ya mnada pale Majimoto, mwanangu, na ningefurahi kama ningeweza kuisahau. Wakati huo nilikuwa binti mwenye kamera, nazunguka na pikipiki ya kukodi kupiga watu picha, na nilikuwa bado sijaanza kuitwa bibi na vijana wenye ndevu kama wewe. Bibi Kalunde, mkulima wa mpunga, alinifuata akiwa na kitenge kipya. Alitaka picha ya kuwekwa mbele ya jeneza lake siku atakapokufa. Kwetu wazee wengi hujiandalia hiyo mapema, wasije wakazikwa na picha ya kitambulisho.

"Unipige nikiwa nimetulia," aliniambia. "Mimi nitaifungia sandukuni. Sitaki watu waniangalieangalie kabla ya siku yangu."

Nikampiga. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha mazima, kama ya mama yangu, na pengine ya bibi yako. Nilimsafishia picha, nikampelekea, akanishukuru sana.

Miaka ikapita. Mjukuu wake, Deus, akawa anasoma chuo hapa Mpanda, na ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni, hii hii inayokukosesha usingizi wewe. Alikuwa kijana mpole, tena alimpenda bibi yake kupita kiasi, na balaa liliingilia hapo hapo. Bibi Kalunde alijua majani machache ya kutuliza tumbo la watoto, basi. Deus akamwandikia makala nzima: mganga mkuu wa eneo letu lote la Mpimbwe, hakuna mgonjwa aliyeguswa naye akabaki kitandani. Mhariri mmoja asiyemjua akamuuliza kwa adabu habari hizo amezitoa kitabu gani, na je, yeye ni ndugu wa huyo mama? Deus akajibu kuwa si ndugu. Fikiria, mwanangu, mtu anamkana bibi yake ili apate nafasi ya kumsifu!

Picha aliitoa sandukuni bibi akiwa shambani, akaipiga kwa simu, akairudisha. Alipoipandisha mtandaoni aliulizwa ni kazi ya nani. Akabonyeza kwamba ni kazi yake mwenyewe, na kwamba anaruhusu mtu yeyote aitumie popote, kwa lolote. Mimi niliyeipiga sikuulizwa. Mwenye uso hakuulizwa. Hivi ruhusa hiyo aliitoa wapi?

Makala ilifutwa kwa kukosa ushahidi, lakini picha ilibaki, ikiitwa "Mganga wa Mpimbwe". Mtu ambaye hadi leo hatumjui akaikuta, akaibandika kwenye maandishi yake kuhusu wachawi na namna ya kuwatambua kwa macho yao mekundu. Hakuiba, maana ruhusa aliikuta imeandikwa. Kutoka hapo ikaingia kwenye simu za watu, ikarushwa huku na huku, mpaka ikafika Majimoto, ambako kila mtu alimfahamu yule mama.

Watoto wakaacha kumwamkia. Kisimani wanawake wakawa wanasogea akifika. Halafu siku moja, mchana kweupe, akiwa kwenye mpunga wake, nyumba ikachomwa moto. Majirani wote wakasema hawakuona moshi.

Binti yake akamchukua, akamhamishia Kakese. Nilikwenda kumwona, nikamkuta Deus amepiga magoti mbele yake analia. Bibi alikuwa amejifunika kanga usoni na hakuifunua hata kwangu.

"Bibi, nilitaka dunia ikujue," Deus alisema.

"Nani alikwambia nataka kujulikana?" bibi akamjibu. "Ungeniuliza, baba. Si nilikuwepo?"

Niliwaandikia wasimamizi wa ile kamusi, nikathibitisha kuwa picha ni yangu, wakaiondoa haraka. Haikusaidia kitu, kwa sababu kwenye simu za watu ilikuwa bado ipo. Bibi Kalunde alifia Kakese, na walimzika bila picha yoyote mbele ya jeneza, kwa kuogopa waombolezaji wasije wakaitambua. Mpaka leo nikiyafikiria mazishi yale nakasirika, na inaniuma zaidi kwa kuwa aliyeanzisha hakuwa mtu mbaya.

Sasa wewe jana umekuja kwangu unaomba picha zangu za zamani, na umeniambia kwa furaha kwamba utaanza na makala ya baba yako mdogo anayegombea udiwani. Nisikilize basi. Picha usiyoipiga usiseme ni yako, hata kama umeitoa sandukuni kwenu. Mtafute aliyeipiga akuandikie ruhusa, na umweleze bila kumficha kwamba akishaiachia, hata adui anaweza kuitumia, na hairudi. Kisha nenda kwa mwenye uso, umuulize na yeye. Akikataa, inuka uende zako.

Na huyo baba yako mdogo, muache. Anakulipia karo, utamwandikaje kwa haki? Ukiona kuna jambo la kweli juu yake, lipeleke kwenye ukurasa wa majadiliano wa hiyo kamusi, useme wazi kuwa ni ndugu yako, na uwaachie wasiomjua waandike yaliyothibitishwa na magazeti na vitabu. Wasipoandika, nyamaza. Watu wengi wema wameishi bila makala na hawakupungukiwa kitu.

Picha za reli na za mashamba nitakupa, na ruhusa nitakuandikia kwa mkono wangu. Za watu sikupi. Nenda, mwanangu, Mungu akuongezee macho ya kuona mbali na moyo wa kuuliza kwanza. Akujalie uandike mengi hadi uzee wako, na asiwepo hata mtu mmoja atakayehama kwake kwa sababu yako.