Ng'ombe wa Mifuko ya Saruji

Mdogo wangu Gaudensia hajawahi kutupa kitu. Tangu akiwa darasa la pili hadi sasa kidato cha pili, nyumba yetu hapa Mugango ndiyo jalala la kijiji, tofauti tu ni kwamba jalalani hakuna wa kukufokea ukigusa kitu. Trei za mayai, maboksi ya sabuni, vizibo vya soda, nyavu zilizochanika, vyote vinakuja kwetu. Siku mbili baadaye trei imekuwa kobe, na boksi limekuwa kanisa lenye madirisha.

Sisemi hana kipaji. Nasema nimechoka. Mimi ni Recho, dada yake, tunalala chumba kimoja, na nikigeuka vibaya kitandani nachomwa na twiga.

Mwaka jana alichukua kalenda za zamani za baba, akazikata vipande vyembamba, akavisokota kuwa shanga, akamtengenezea mama mkufu wa kwendea kanisani. Mkufu mzuri sana. Ila kwenye kalenda hizo baba alikuwa ameandika siku mbuzi walipozaa na siku watu walipozikwa. Akaja kubishana na jirani kuhusu tarehe ya msiba fulani, ikabidi mama avue mkufu, watu wazima watatu wakakaa chini kuutafuta mwezi wa Mei.

Uvumilivu wa mama ulifika mwisho mwezi uliopita, alipokosa pa kuanikia dagaa kwa sababu ya makaratasi. Gaude akajitetea kwamba mwalimu amemchagua kwenda kwenye maonyesho ya wanafunzi, Ijumaa, Butiama.

"Nenda," mama akasema. "Ukirudi na zawadi, nanyamaza maisha yangu yote. Ukirudi mikono mitupu, takataka zako zote nawashia moto. Sibakizi hata moja."

Mama yetu, Dafroza, hatanii kuhusu moto. Gaude akaamua kutengeneza ng'ombe mzima, wa kimo cha ng'ombe.

Mifupa ilikuwa matete. Akaivalisha wavu chakavu, juu yake akabandika mifuko ya saruji kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Akampaka chokaa, akamtia madoa ya mkaa. Macho vizibo, mkia kamba ya katani. Jumatano akamtoa nje akauke, upande wa barabara.

Sasa elewa: sisi hatuna ng'ombe. Tuna mbuzi watatu, na mimi, binti wa miaka ishirini na minne ambaye hajaolewa. Ng'ombe akionekana ghafla kwenye mji wa namna hiyo, hakuna anayeuliza ametoka wapi. Kabla ya saa kumi wanawake waliokuwa wakienda ziwani walinipigia vigelegele. "Hongera Recho! Wameanza na mmoja?" Mwingine akauliza mahari imetoka ukoo gani. Kwa hasira nikamjibu ni ukoo wa Saruji. Akaitikia kwa heshima, akasema hao atakuwa amewasikia, si wapo Bunda?

Alhamisi mchana, baba akiwa safarini wiki hiyo, akaingia mjomba Werema, kaka mkubwa wa mama, kutoka Murangi. Alivaa koti, na mkononi ana kamba. Kwetu, mahari ya binti ikija, humo mna ng'ombe wa mjomba, na mjomba asipoambiwa ametukanwa. Alikataa kiti. Alikataa na chai.

"Dafroza, mimi sinaga maneno mengi. Ng'ombe anaingia kwako, mimi naambiwa na wauza samaki wa mwaloni?"

"Ng'ombe gani, kaka?"

"Usinifanye mtoto. Nimemuona kutoka barabarani. Hata kama ni mmoja, huyo ni wangu."

Kabla mama hajajibu, alikuwa ameshazunguka nyumba. Tulimkuta ametupa kamba kwenye pembe, kwa ustadi wa mtu aliyekamata ng'ombe maisha yake yote. Akavuta. Pembe zikamfuata, pamoja na nusu ya shingo.

Mjomba akazitazama pembe. Akamtazama ng'ombe.

"Huyu anaumwaga nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Gaude hakucheka. Alilia kwa sauti, akieleza katikati ya kwikwi habari za maonyesho ya kesho, na mama, na moto. Kicheko kikanikauka. Yale makaratasi ndiyo kitu pekee anachokiita chake, na mimi dada yake ndiyo kwanza ninaliona hilo.

Mjomba akavua koti. "Koroga uji," akaamuru. Halafu akaanza kukosoa. Ng'ombe gani pembe zinatokea masikioni? "Na nundu iko wapi? Hawa wasio na nundu wanakaaga kwenye maboksi ya maziwa." Jua linazama, alikuwa na uji mpaka kwenye nyusi, anasuka pembe upya, na nundu ameijaza vitambaa vyangu vya kushonea bila kuniomba.

Ijumaa tukapanda pikipiki ya mizigo sote watatu na ng'ombe, mjomba akiishikilia nundu njia nzima. Butiama watu walijazana kwetu kuliko kwenye meza nyingine yoyote. Jaji mmoja, mama wa miwani, akazunguka mara mbili, akauliza swali moja tu: "Umemtengeneza peke yako?"

Sharti la maonyesho lilikuwa hilo, kazi iwe ya mwanafunzi peke yake. Nikamkanyaga Gaude mguu. Mjomba akageukia kwingine, akakohoa.

"Pembe na nundu ni za mjomba," Gaude akasema.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa redio ya boksi. Ya pili na ya tatu sikumbuki, nilikuwa na hasira. Tulirudi mikono mitupu.

Mama alitusubiri mlangoni. Akatutazama, akaingia jikoni, akatoka na kibiriti. Uso wake haukuwa na furaha yoyote, lakini mama akishasema, amesema. Gaude hakubisha. Akaanza kutoa vitu nje kimoja kimoja, twiga, kobe, kanisa, akavipanga karibu na ng'ombe.

"Huyo ng'ombe unamchoma kama nani?" mjomba akauliza.

"Kama mwenye nyumba."

"Ng'ombe wa mjomba hachomwagi." Akamfunga kamba shingoni, safari hii taratibu. "Jana nimesema ni wangu, hukunikatalia."

Mama akashusha kibiriti. Kaka mkubwa ni kaka mkubwa. "Haya, mchukue. Na hawa wengine?"

"Hao ni ndama wake."

"Kaka! Hata kanisa?"

"Hata kanisa. Wamezaliwa hapa kwako, na uzao ni wa mwenye ng'ombe, hilo unalijua. Kwangu malisho hayatoshi, nakuachia uwafuge. Mchungaji ni huyu." Akamwekea Gaude mkono kichwani. "Nitakujaga kuwaangalia. Akipungua mmoja, tunaitana kikao cha ukoo."

Gaude alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nililia tu, na sioni aibu kusema.

Ni wiki ya tatu sasa. Mvua ikitanda, ng'ombe huingizwa ndani kabla ya mbuzi. Watu bado wananipa hongera. Na leo asubuhi nimemsikia mama jikoni, ameshika boksi tupu la majani ya chai, anaita kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Gaude, mwanangu, hili nalo ni la mjomba, au naweza kuwashia moto?"