Bodi Isiyofunguka Nyuma

Siku ile naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu: mwani mbichi, chuma kilichochomwa, na udi. Nilikuwa bado kijana, dereva wa pikapu ya binamu yangu Haji pale kijijini Bwejuu. Tangu hapo nimeendesha magari Tanga, Mombasa na Pemba, maana miguu yangu haijui kutulia, lakini hasira ya siku ile nimezunguka nayo kote. Juzi imeniamkia tena kule mjini, Mlandege, nilipokusikia ukimwagiza fundi akuwekee spika nyuma na auchomee mlango usifunguke.

Haji alifanya hivyo hivyo. Gari ilikuwa ya kuchukulia mwani, kuni na matofali. Fundi akamshauri aweke mbavu za bawaba, zinazoshuka. Hakutaka. Alitaka mabomba yanayong'aa, kizimba kirefu cha chuma, sanduku kubwa la spika nyuma ya kichwa cha gari, na mlango wa nyuma uliochomewa moja kwa moja ili usigongegonge njiani. Vijana wakaisifu. Wazee wakasema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Na kweli, maji ya chumvi ya mwani hayakuwa na pa kutokea, yakalala mle mle yakila bati. Lakini hiyo ilikuwa hasara yake peke yake, wala siyo iliyonikera.

Bi Mwanahawa akafariki hospitali, mjini. Huyu ndiye aliyewafundisha wanawake wengi wa kijiji kufunga mwani kwenye kamba, na mtoto wa kwanza wa Haji alipokelewa kwa mikono yake. Akatakiwa azikwe kijijini baada ya sala ya alasiri. Asubuhi ile gari iliyokuwepo ni ya Haji tu. Tukalileta jeneza la msikiti tulipakie, halikulala. Spika huku, mlango kule. Haji akalisimamisha pembeni, akalifunga kamba.

"Si limeingia?" akasema.

Mzee Ameir, mtunza jeneza, akamtazama. "Kwenda limeingia. Kurudi je?"

"Tutaona huko huko, ami."

Tukaona. Tulimkuta Bi Mwanahawa keshakoshwa na kukafiniwa na ndugu zake wa mjini, tukamlaza kwenye jeneza, tukalibeba hadi garini. Pale ndipo Haji aliposema tuliinamishe kidogo, upande wa miguu ukae juu ya mlango.

"Kidogo tu. Mwenyewe hasikii tena."

Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini sijapata kusikia mtu akilitamka hilo waziwazi mbele ya maiti. Damu ilinipanda. Mzee Ameir hakupaza sauti.

"Haji, huyu kakupokelea mwanao. Na wewe unataka kumrudisha kwake kama gunia la mbatata?"

"Gari nimeitengeneza kwa kazi, ami."

"Kazi gani, kama hii si kazi? Gari isiyoweza kumlaza jirani ni pambo. Kaiweke sebuleni uifunike kitambaa."

Waliokuwepo wakainamisha nyuso. Jeneza likarudishwa kivulini, na mimi nikawasha gari bila ya kumwuliza mwenyewe. Haji akaparamia, tukaenda moja kwa moja kwa fundi wake Mlandege.

"Leo mnaongeza nini?" fundi akauliza.

"Toa," akasema Haji, akionyesha spika na mlango.

Cheche ziliruka. Sanduku la spika likaachwa barazani kwa watu, mlango ukakatwa. Tuliporudi, jeneza lililala sawasawa, na wanaume wakakaa ubavuni wakilishika. Tulifika kijijini watu washasali, wamesimama juani wakitusubiri. Hakuna aliyemlaumu Haji kwa maneno. Binti wa marehemu aliyaona makali ya chuma kilichokatwa, akakunja mtandio na kuyafunika, wapokeaji wasije wakajikata. Haji akalia pale pale, mbele ya watu.

Basi nisikilize. Bodi haichaguliwi kwa macho ya wapita njia. Tazama springi kwanza, zibebe bila ya kulalamika. Mbavu ziwe za bawaba, na mlango wa nyuma ufunguke hadi chini. Toboa sakafu chumvi itoke, na uikoshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila umwagapo mwani. Weka pete za kufungia kamba. Ukitaka muziki, uweke mbele unakokaa wewe. Huko nyuma si kwako peke yako: ni kwa bibi harusi na masufuria yake, kwa mgonjwa, kwa maiti. Anayekwambia kijiji kitatafuta gari nyingine anakufundisha ubaya.

Mungu aitie baraka riziki yako, aikinge safari yako na ajali, na siku watakapokugongea alfajiri kwa shida, wakukute una pa kumlaza mtu wao. Amin.