Difu ya Mtu wa Ruanda

Msiniambie habari za malaria. Kila ninaposimulia kisa hiki hakosekani mjuaji wa kusema nilikuwa na homa, au jua la Ivuna lilinipiga kichwani. Sikuwa na homa. Ilikuwa mchana kweupe, nina akili zangu timamu, naendesha gari langu mwenyewe. Ukiona ni uongo, acha kusoma ukapike.

Mimi ni mwanamke mfanyabiashara. Nachukua chumvi na mchele kwetu Ivuna, nauza Tunduma. Gari langu ni Noah ya foowili, inayozungusha tairi zote nne, maana barabara za Momba mvua ikinyesha hazina urafiki na gari la kawaida. Wanaume wa stendi walinicheka nilipolinunua. Masika yalipokuja wakawa wananiomba niwavute kwenye matope.

Basi difu ya nyuma ikaanza kulia. Kwa asiyejua, difu ni lile bonge la chuma katikati ya tairi za nyuma, ndani yake mna meno ya kuzizungusha. Nguvu inaletwa kutoka mbele na chuma kirefu kinachoitwa propela. Fundi wangu akasema meno yamelika, nitafute difu nyingine. Nikaenda kwa wauza spea za mtumba pale Tunduma, wale wanaochinja magari yaliyopata ajali. Kijana mmoja wa upande wa Zambia akaigonga difu kwa nyundo mbele yangu.

"Bamayo, mama yangu, sikia hiyo sauti! Safi kabisa, imetoka kwenye Noah kama yako."

Nikamuuliza lile gari lilipatwa na nini. Akaniuliza kama nanunua difu au nanunua habari. Nikacheka, nikachukua difu, ikafungwa siku hiyohiyo.

Haukupita muda simu ikaja kutoka Ivuna kwamba mama ni mgonjwa, hali wala hanywi, tumbo limevimba. Mama yangu alikuwa Mnyiha, mzaliwa wa Mbozi, aliyeolewa huko bondeni. Hakunizaa mimi tu, lakini mimi ndiye nilikuwa na gari. Nikashuka, nikalaza viti vya nyuma, nikamtandikia godoro, nikamfunika khanga. Sikupakia abiria hata mmoja, nilitaka anyooshe miguu. Tukaondoka wawili, yeye na mimi, kuelekea hospitali kule Vwawa.

Tulipouanza mlima baada ya Kamsamba, difu ikaanza kuunguruma. Nikapunguza mwendo, nikaomba Mungu. Kisha kikasikika kishindo, kong'! Gari likaruka kidogo na kusimama. Nikijaribu kuondoka, meno yanasagana huko nyuma mpaka sakafu inatetemeka. Simu haina mtandao. Hakuna gari linalopita. Mama anagumia, na kila akigumia moyo wangu unakatika. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia.

Nilipoinua macho, mwanaume alikuwa amesimama nyuma ya gari. Mrefu, shati la kijani limefungwa vifungo hadi shingoni, kovu juu ya jicho. Alitokea wapi? Barabara ile ni nyeupe na imenyooka, ungemwona mtu tangu akiwa mdogo kama kuku. Lakini niambie, mwenye mgonjwa anauliza maswali hayo?

"Pole, dada," akasema. "Ni difu hiyo."

"Umejuaje, kaka?"

"Naijua. Nipe spana ya kumi na nne."

Akaingia chini ya gari. Akafungua propela, akagongagonga mle ndani, na muda si muda akaitoa propela na kuilaza kando ya barabara. Akasema sasa gari litavutwa na tairi za mbele peke yake, niende taratibu, tutafika. Kazi hiyo fundi yeyote anaiweza, sikatai. Lakini alipotoka chini kule, shati lake halikuwa na vumbi. Na spana aliyonirudishia, kwenye jua lile la kuchoma, ilikuwa baridi kama soda ya kwenye friji. Niliihamisha mkono huu na huu, nikaitupa kwenye boksi.

"Wewe unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Ruanda, hii ya Mbozi. Tangu waitoe hiyo difu kwenye gari langu sijapumzika, nafuata tu inakokwenda."

Nilidhani amelewa. Nikamwambia apande. Akaketi nyuma, miguuni pa mama.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Mtu akifia njiani, ndugu zake wanakwenda palepale alipofia, wanamwita kwa jina lake na kumwambia, twende nyumbani. Akishaitwa, safari ni moja. Gari halikunji kona, halishushi mtu, mpaka kwao; akikatishwa njiani, sharti aitwe upya. Asipoitwa anabaki ameshikilia kitu cha mwisho alichokuwa nacho. Sisi ni watu wa kanisa, lakini hili sijaona mchungaji akilikemea, maana na yeye ana ndugu zake.

Basi tukapanda mlima. Mama akaacha kugumia. Ee Mungu wangu, nilivyofurahi! Nikamsikia anaongea na yule mtu kwa Kinyiha, sauti imetulia, hata akacheka. Mimi nimekulia bondeni, Kinyiha nakiokotaokota tu, na isitoshe masikio yangu yote yalikuwa chini ya gari, nasikiliza kama kitu kinasagana. Nikasikia mama anamwuliza ni wa nani. Akajibu. Mama akasema, "Aa, kumbe!" Kisha akamwita kwa jina, polepole, na kumwambia twende nyumbani.

Hilo la twende nyumbani nililielewa. Nywele zilinisimama. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona mama ameketi wima, yeye ambaye asubuhi tulimbeba kama mtoto. Nikajiambia ni homa, anaweweseka, kaza mwendo ufike hospitali.

Tukafika Mlowo, pale njia yetu inapoikuta barabara kubwa. Upande mmoja unakwenda Vwawa, upande wa pili Ruanda.

"Mwanangu, kunja kuelekea Ruanda," mama akasema. "Nimeshamwita."

"Mama, hospitali kwanza! Huyu kaka atapata gari hapa, magari ni mengi."

"Nimeshamwita," akarudia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nikasimama. Nikamwomba yule mtu ashuke, nikamshukuru, nikasema mengi. Nikasikia mlango wa pembeni ukivutwa, ukakaa wazi muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu mmoja kushuka, kisha ukafungwa. Nikakanyaga mafuta. Nilipotazama kioo, mama alikuwa amelala chini ya khanga yake. Nikaona vizuri, amechoka, apumzike.

Hospitali walikuja na kitanda cha magurudumu mbio. Muuguzi akamgusa mama shingoni, akamgusa mkono, akajaribu kuukunja, akanitazama.

"Dada, mmesafiri kutoka wapi?"

"Ivuna."

"Mama amefariki muda mrefu. Ameshakauka."

Nikamwambia nimetoka kuongea naye Mlowo sasa hivi. Akanishika bega, akaniita mpenzi, akaniuliza nina nani wa kumpigia simu.

Tulimzika Ivuna. Wazee walikwenda pale mlimani gari lilipoharibikia, wakidhani ndipo alipofia, wakamwita, na waliobeba jeneza wakaulizana kwa macho, maana lilikuwa jepesi mno. Mimi nilijua. Hakuwa mlimani, na jenezani hakuwemo. Nilimwacha Mlowo.

Na kweli, asubuhi za ukungu, wauza mahindi wa pale njia panda wanawaona. Mama mzee wa khanga na mwanaume wa shati la kijani, wanapungia magari ya kwenda Ruanda. Nilikwenda mwenyewe. Aliponitokea mama yangu, hatua chache tu mbele yangu, nilimwita kwa jina lake, nikalia, "Mama, twende nyumbani!" Akanigeukia. Niamini, uso ulikuwa wake uleule. Akanyoosha kidole kwa mwenzake, kwamba aitwe kwanza huyu, yeye hawezi kumwacha. Nikafungua mdomo nimwite, jina silijui. Jina lile mama alilitamka nyuma ya kiti changu, nami nilikuwa nasikiliza difu.

Muuza spea hakumbuki, anasema anachinja magari mengi. Ruanda nimebisha hodi nyumba kwa nyumba, wengine wananifukuza kama mchawi.

Kwa hiyo wewe unayenunua spea ya gari la ajali, uliza habari zake kabla hujaifunga, hata wakikucheka. Ukibeba mgonjwa, liache gari lilie linavyolia, msikilize mtu wako. Na kama huko kwenu kuna kijana aliyekuwa akiendesha Noah, mrefu, ana kovu juu ya jicho, akafia njiani na hamkujua wapi, nakuomba kwa magoti, njoo Mlowo. Nitajie jina lake tu. Mama yangu amesimama barabarani.