Dimtu Alipoitwa Sokoni

Ukifika soko la mifugo la Isiolo, Salad hutamkosa: kofia nyeupe, tumbo mbele, wanaume wazima wakiinama kumsalimu. Mwenyekiti wa wafanyabiashara, bwana! Lori la ng'ombe haliondoki mpaka yeye ainue mkono. Lakini miaka ile vita vya mifugo vilipochachamaa kule Biliqo, Salad huyuhuyu alikuwa homugadi, kijana wa kujitolea, akilinda maboma kwa bunduki ya serikali bila mshahara. Watu walimpenda, na alistahili kupendwa.

Siku moja aliwafuata wezi pamoja na rafiki yake Jirma. Salad alirudi kwa miguu yake. Jirma alirudishwa amefunikwa shuka. Borana hawamwachi mjane mikono mitupu, kwa hiyo ukoo ukachanga mifugo. Salad, fukara wa kutupwa, alimpa Kabale, mke wa marehemu, mtamba wake wa pekee. Akalia mbele ya watu wote.

Baadaye akarudisha bunduki, akaanza kununua mbuzi Merti na kuwauza Isiolo. Mungu akamfungulia. Akajenga nyumba mtaa wa Bulla Pesa, akashirikiana na shemeji yake Bule, mwenye malori.

Sasa juzi, siku ya soko, Kabale akaja. Wezi walikuwa wamevamia zizi lake, wakamwachia mavi tu. Alimkuta Salad kando ya lori la Bule, ng'ombe wamekwisha pakiwa.

"Salaam aleikum, Baba Khadra. Ng'ombe yangu iko hapa ndani."

"Aleikum salaam, Mama Ruweida. Alama yake iko wapi?"

Swali la kijinga hilo! Masikio ya ng'ombe wale yalikuwa yamekatwa upya, vidonda vibichi, alama ya ukoo imeondoka na nyama. Homugadi wa zamani hakuhitaji kuelezwa kwamba hao ni ng'ombe wa wizi.

Kabale hakubishana. Aliita tu, kama anavyoita kila jioni akitaka kukamua: "Dimtu! Dimtu!"

Ng'ombe mwekundu akajisukuma katikati ya wenzake, akatoa pua kwenye mbao, akaitika. Kwa Borana, ng'ombe akiitikia jina lake kesi imekwisha. Salad akaona doa jeupe kwenye paji la uso, kama la mtamba wake wa zamani, akamjua. Alikuwa uzao wa mtamba yule yule aliyemtoa yeye.

Bule akawasha injini. Kulisimamisha lori ni kumwita shemeji mwizi mbele ya soko zima, halafu watu waanze kuuliza habari za malori mengine. Moyo ulimwuma Salad, tena sana, lakini nyumba ya Bulla Pesa ni tamu.

"Ng'ombe hatoi ushahidi, Mama Ruweida," alisema, akainua mkono. Lori likaondoka.

Vumbi lilipotulia akamsogelea. "Nitakupa mtamba mwingine. Leo leo."

Kabale alijifunga shuka vizuri. "Ule wa kwanza nilipewa na mtu aliyemzika mume wangu. Huu sitaki. Lakini niambie kitu moja, Baba Khadra. Wale wezi mlifuata na Jirma, ng'ombe walikuwa wanauzia nani?"

Walikuwa wakimuuzia Bule. Salad alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ushirika wao, na bado akala naye sahani moja.